Uzito Kwanza: Kuchagua Mashine Ndogo ya Milingi kwa Karakana ya Nyumbani

Mwenye grainda, mashine ya kuchomelea na ya kutobolea anaweza kufanya kazi nyingi za chuma nyumbani kwake: mageti, fremu, meza za kazi, matoroli. Kinachomshinda ni kazi inayodai usawa wa sehemu za milimita. Mfereji wa ufunguo unaozuia puli isiteleze kwenye shafti ya kinu cha kukoboa mpunga, uso wa kichwa cha injini ya pampu uliopinda kwa joto, vitako viwili vya beringi vinavyotakiwa kukaa sambamba: hakuna mkono, hata wa fundi hodari, unaoyafikia hayo kwa tupa na subira kila siku. Kazi hizo ni za mashine ya milingi, ambayo huzungusha kisu chenye meno mengi huku chuma kikiwa kimefungwa juu ya meza inayosogezwa kwa skrubu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Siku hizi mashine ndogo za aina hiyo zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuidunduliza, nyingi zikitoka China. Kwa sababu matangazo yake hutaja kila sifa, mnunuzi mpya hushindwa kujua ipi ina uzito wa kweli katika uamuzi. Nitatetea rai moja: sifa pekee ambayo huwezi kuiongeza baadaye kwa gharama ya kawaida ni ukakamavu wa mashine, yaani uwezo wa mwili wake kutopinda na kutotetema kisu kinapokula chuma. Mengine yote hununuliwa pole pole au hurekebishwa. Kwa hiyo chagua mashine nzito kadiri sakafu, umeme na mlango wako vinavyoruhusu, mradi usimalize fedha zote kabla ya kununua vifaa vyake.

Kisu cha mashine ya kukereza hugusa chuma mfululizo, lakini kisu cha milingi hakifanyi hivyo. Kila jino huingia, hukata, hutoka, kisha hufuata jingine. Kisu cha meno manne kinachozunguka mara 800 kwa dakika hugonga chuma zaidi ya mara 53 kila sekunde. Kila kipigo husukuma spindeli inayoshika kisu, spindeli husukuma kichwa kinachoibeba, kichwa huivuta nguzo, na nguzo hupinda kidogo juu ya kitako chake. Nguzo ikiwa nyembamba hurudi kama upinde, na jino linalofuata hukuta chuma mahali pasipotarajiwa. Matokeo yake ni sauti ya kutetema inayoumiza masikio, uso wenye mawimbi, vipimo visivyoaminika, na meno ya kisu kumeguka kabla ya wakati. Ndiyo maana miili ya mashine hizi husubiwa kwa chuma cha kijivu, kile mafundi wanachokiita kasti. Chuma hicho si kigumu kuliko chuma cha pua, tena hupinda zaidi kwa mzigo uleule, lakini humeza mtetemo vizuri kuliko chuma cha pua, na mtengenezaji anaweza kukijaza unene mkubwa kwa gharama ndogo. Kilo nyingi kwenye mashine ya milingi kwa kawaida ni kilo za kasti hiyo, na zimewekwa pale kwa kazi maalumu.

Hesabu ya kupinda ina ukali ambao watu wengi hawaukadirii. Fimbo iliyoshikwa upande mmoja ikisukumwa upande wa pili, ukiongeza urefu wake mara mbili, kupinda huongezeka mara nane. Ukiongeza kipenyo chake mara mbili, kupinda hupungua mara kumi na sita. Kanuni hiyo hiyo inaihukumu nguzo ya mashine, spindeli, na hata kisu chenyewe. Kwa hiyo tofauti ndogo za umbo zinazoonekana kwenye picha, nguzo pana zaidi kwa vidole viwili au kichwa kilicho karibu zaidi na nguzo, huzaa tofauti kubwa katika kazi. Inafaa mnunuzi ajifunze kutazama unene huo kabla ya kutazama rangi, skrini ya tarakimu, au idadi ya vifaa vya bure vinavyoambatanishwa.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu ni la mota. Wauzaji huandika wati kwa herufi kubwa, na mnunuzi huamini kwamba mota kubwa ndiyo mashine yenye nguvu. Tufanye hesabu. Kukata milimita moja ya ujazo ya chuma cha kawaida hutumia takriban jouli mbili hadi tatu. Tuseme unakata mfereji wenye upana wa milimita 10 na kina cha milimita moja, meza ikienda milimita 60 kwa dakika. Hapo unaondoa milimita 600 za ujazo kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, na kazi hiyo inahitaji wati 20 hadi 30 tu kwenye ncha ya kisu. Hata nusu ya nguvu ya mota ya wati 500 ikipotea kwenye mikanda, gia na joto, bado imebaki mara nane au zaidi ya kile ulichokitumia. Ukijaribu kuitumia nguvu hiyo iliyobaki kwenye mashine ya kilo 50, mota haitalalamika. Nguzo ndiyo itakayoanza kutetema. Katika mashine ndogo mwili hushindwa kabla ya mota, na kulipia wati za ziada juu ya mwili uleule mwembamba ni kununua kitu usichoweza kukitumia.

Kuna sehemu moja ambapo hoja ya mota ina haki yake, nayo ni mwendo wa polepole. Kisu cha kawaida cha chuma kigumu, ukikata chuma laini, kinataka ukingo wake uende takriban mita 25 kwa dakika. Kwa kisu cha kipenyo cha milimita 10 hiyo ni kama mizunguko 800 kwa dakika. Kwa kisu kipana cha kusawazishia uso, chenye milimita 50, ni mizunguko 160 tu. Mashine nyingi ndogo hubadili mwendo kwa kitufe cha kielektroniki, na mota ya namna hiyo ikipunguzwa kasi, nguvu yake hupungua kwa uwiano uleule. Yenye wati 500 kwenye mizunguko 2,500 hubaki na wati 32 hivi ikiwa kwenye mizunguko 160, na hapo kisu kipana kitakwama. Mashine yenye ngazi mbili au zaidi za gia au mikanda, pamoja na hicho kitufe, huhifadhi nguvu hiyo. Kwa hiyo usimuulize muuzaji wati peke yake. Muulize mwendo wa chini kabisa ni upi, na unafikiwaje.

Tukizigawa mashine za sokoni kwa uzito, kuna makundi matatu yanayomhusu mtu wa nyumbani. La kwanza ni la kilo 50 hadi 70, mashine ya kukaa juu ya meza ambayo watu wawili huibeba. Inafaa alumini, shaba, plastiki na vipande vidogo vya chuma, kwa mikato ya kina cha chini ya milimita moja. La pili ni la kilo 100 hadi 200 hivi. Humo ndimo wengi watapata wanachokitafuta, kwa sababu chuma cha kawaida hukatwa bila ugomvi na mashine bado inaweza kuwekwa kwenye chumba cha uani. La tatu ni la kilo 300 hivi, ambalo mfano wake unaojulikana sana ni RF-45 ya kampuni ya Rong Fu ya Taiwani, iliyonakiliwa na viwanda vingi vya China. Kichwa, nguzo na meza vyaweza kufunguliwa vikaingizwa kimoja kimoja. Kama fedha inatosha na sakafu ni ya zege, sioni sababu ya kushuka chini ya hapo. Lakini ndani ya makundi haya tazama umbo la nguzo. Ziko mashine zenye nguzo ya mviringo, kama RF-30 ya kampuni hiyo hiyo, ambazo huwa na bei nafuu kwa uzito wake. Kasoro yake si wepesi. Ukilegeza kichwa ili ukipandishe au ukishushe, hugeuka kuizunguka nguzo na kupoteza mahali pake, hivyo tundu ulilolitoboa kwa biti fupi hutalipata tena kwa biti ndefu bila kulipima upya. Nguzo ya pembe nne yenye reli huhifadhi mahali hapo. Kwa mtu atakayefanya kazi ya kutoboa tu na kusawazisha nyuso, ya mviringo inavumilika. Kwa kazi ya vipimo itamla muda kila siku.

Wengine watasema: kazi zangu ni ndogo, ya nini mashine kubwa? Hoja hii inavutia, lakini inachanganya ukubwa wa kipande na ugumu wa mkato. Mfereji wa milimita sita kwenye shafti ya urefu wa kiganja ni kazi ndogo kwa macho, ila chuma ni kilekile, na kisu chembamba huvunjika upesi zaidi mashine inapotetema. Mashine nzito hufanya kazi ndogo vizuri zaidi. Ile nyepesi hata kazi ndogo huifanya kwa kuisihi. Isitoshe, nafasi huliwa kwa namna ambayo mnunuzi haioni kwenye karatasi. Jiliwa peke yake lina kimo cha milimita 70 au 80, na kishikio cha biti pamoja na biti yenyewe huchukua milimita 150 hadi 200 nyingine, hivyo mashine inayotangazwa kuwa na milimita 280 kati ya spindeli na meza inakubakishia mahali pa kipande chembamba tu. Kazi kubwa zinazotokea mara moja kwa mwaka mpelekee fundi wa karakana kubwa, kama zile za Gerezani jijini Dar es Salaam, umlipe. Ukubwa wa meza uchague kwa kazi utakazozirudia.

Pingamizi jingine hutoka kwa mwenye mashine ya kusimama ya kutobolea. Kwa nini asinunue meza ya kusogea pande mbili, akaifunga chini yake, akawa amepata milingi kwa bei ya chakula? Ningemzuia kwa nguvu zangu zote. Mashine ya kutobolea imeundwa kusukuma kwenda chini. Beringi zake hazikutayarishwa kwa msukumo wa ubavu. La hatari zaidi ni kwamba kishikio chake cha biti hukaa kwa kubanwa tu kwenye tundu lililochongoka, bila bolti ya kukivuta kutoka juu. Msukumo wa ubavu pamoja na mtetemo hukilegeza, nacho huanguka kikiwa kinazunguka, kisu kikiwa ndani yake. Spindeli ya milingi ina bolti ndefu inayopita katikati na kukaza kishikio kutoka juu, na bolti hiyo ndiyo inayoifanya kazi ya kukata ubavu iwe salama. Hata biti kubwa zenye mkia uliochongoka wa aina ya Morse, zinazoingia kwenye spindeli ya namna hiyo bila kushikwa na bolti, zitumie kutobolea tu.

Kuna atakayeigeuza hoja yangu dhidi yangu: kama uzito ndio kila kitu, basi tununue mashine kuukuu ya kiwandani. Bridgeport, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 huko Connecticut, Marekani, na ambayo umbo lake limeigwa na viwanda vingi duniani, ina uzito wa karibu tani moja na bado inatamanika. Namjibu kwamba yuko sahihi, ikiwa ana sakafu ya zege isiyo na nyufa, mlango wa gari, winchi ya kuinulia na njia ya umeme. Hapo mashine kuukuu iliyotunzwa huishinda mpya ndogo kwa kila kipimo. Lakini mashine kuukuu iliyochakaa haina ukakamavu tunaouzungumzia, kwa sababu reli zilizolika katikati huiacha meza ikicheza pale inapofanya kazi zaidi na kukwama inapofika pembeni. Kuzichonga upya reli hizo ni kazi ya mtaalamu, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya mashine.

Suala la umeme ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo lisiachwe hadi siku ya kushusha mzigo. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 230 au 240, ilhali mashine za kiwandani hutaka njia tatu. Si lazima uombe kuunganishiwa njia tatu. Kifaa cha kielektroniki ambacho mafundi umeme hukiita VFD huchukua njia moja na kutoa njia tatu za volti 230, na kinakupa pia uwezo wa kubadili mwendo. Lakini soma kibati cha mota kwanza. Kikiandikwa 230/400, mota inaweza kufungwa kwa mfumo wa pembetatu na kufanya kazi na kifaa hicho. Kikiandikwa 400/690, haitafaa. Mashine iliyotoka Marekani ina lake: mota iliyoundwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ikipewa wetu wa 50, huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17 na hupata joto zaidi, na kama ni ya volti 115 itahitaji transfoma. Mashine ndogo zenye bodi ya kielektroniki, nazo, haziupendi umeme unaopanda na kushuka. Kidhibiti cha volti kihesabu kama sehemu ya bei ya mashine.

Bei ya mashine si bei ya kuanza kazi. Ningeshauri theluthi moja ya bajeti, au hata zaidi kwa mashine nyepesi, iwekwe kando kabla ya kulipa chochote, kwa sababu ukakamavu ulioulipia hupotea mahali popote mnyororo unapolegea. Jiliwa hafifu ambalo taya lake huinuka likikazwa huifanya mashine ya kilo 300 itende kama ya kilo 60. Vishikio vya koleti vina thamani kubwa kuliko kishikio cha biti, maana vinashika kisu kwa mzunguko wote na karibu na spindeli, na ile hesabu ya urefu mara mbili na kupinda mara nane huanza hapo. Seti ya koleti za aina ya ER32 hushika mikia ya milimita 2 hadi 20. Ongeza saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku, bolti na vibanio vya mifereji ya meza, na visu vichache vyema vya milimita 6, 10 na 12 badala ya sanduku la visu thelathini vya bei ya chini. Kuhusu tundu la spindeli, R8 na Morse namba 3 ndizo utakazokutana nazo. Zote hufanya kazi. Naegemea R8 kwa kuwa huachia kishikio kwa urahisi, wakati Morse hung'ang'ania na kulazimisha kugonga bolti, na kila pigo hupita kwenye beringi za spindeli. Tofauti hiyo isikufanye uache mashine nzito zaidi kwa ajili ya nyepesi.

Mashine zinazoendeshwa na kompyuta, zile za CNC, ni shauku ya vijana wengi, na ni shauku ya haki. Zinafaa anayetengeneza vipande vingi vinavyofanana, au maumbo ya mkunjo ambayo mkono hauwezi kuyafuata. Kwa anayetengeneza kipande kimoja leo na kingine kesho, muda wa kuandika programu utazidi wa kukata. Mota za kompyuta zinaweza kufungwa kwenye mashine ya mkono baadaye, nguzo nene haiwezi.

Ukienda kukagua, mpya au kuukuu, nenda na saa yako ya kupimia. Iweke juu ya meza, ncha yake iguse spindeli, kisha sukuma kichwa kwa mkono, kwa nguvu, na uutazame mshale. Mshale utasogea, hakuna chuma kisichopinda. Swali ni je, unarudi sifuri ukiachia? Mshale ukirudi, ulichokiona ni kupinda, na unaweza kulinganisha mashine mbili kwa kiasi chake. Usiporudi, kuna kitu kinacheza: reli, bolti za nguzo au beringi. Kaza vipande vya kubania reli, ujaribu tena kabla ya kuhukumu. Kisha sogeza meza mbele kwa gurudumu la mkono, ligeuze kurudi, na usome ni sehemu ngapi za milimita zinapita kabla meza haijaanza kusogea. Mchezo huo wa skrubu haukosekani, na kwa 0.1 au 0.2 unaishi nao kwa kukaribia kipimo kutoka upande mmoja daima, na kwa kukata huku meza ikienda kinyume na mzunguko wa kisu ili jino lisiivute. Zungusha magurudumu mwanzo hadi mwisho. Yakiwa laini pembeni na mazito katikati, au kinyume chake, reli zimelika au skrubu imepinda. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya majaribio haya amekujibu tayari.

Ukishaileta, ifunge kwa bolti kwenye kitako cha zege au meza ya chuma kinene, maana mashine iliyokaa juu ya meza ya mbao inayoyumba imekopeshwa ulegevu wa meza hiyo. Miji ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, ina hewa ya chumvi inayoanza kula reli zilizo wazi ndani ya siku chache. Zifute na kuzipaka mafuta kila unapomaliza kazi, na usiegeshe mashine chini ya bati linalovuja. Miwani ya kinga vaa kila mara, na glovu uzivue kabla ya kuwasha, kwani kisu kikikishika kitambaa chake huvuta na mkono. Kabla ya mkato wa kwanza, funga saa kwenye spindeli, izungushe kwa mkono juu ya meza, na urekebishe kichwa hadi kipimo cha kushoto kilingane na cha kulia, na cha mbele na cha nyuma. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na irudiwe kila kichwa kinapolegezwa.